Uwezo, Sababu, Nia: Hotuba Inavyojengwa na Inavyopaswa Kufunguliwa Darasani

Mei 2005, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM walikusanyika katika ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, kumteua mgombea urais. Majina yaliyofika mbele yao yalikuwa matatu: Jakaya Kikwete, Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Kikwete alipata zaidi ya nusu ya kura mara ya kwanza tu, na duru ya pili haikuhitajika. Miaka miwili baadaye, mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza, na Chimwaga pakawa sehemu ya chuo. Pale walipokaa wajumbe wakiombwa kura, sasa wanapita vijana wenye madaftari, na miongoni mwa mengi wanayofundishwa ni namna ya kusema mbele ya watu wakasikilizwa.

Mabadiliko hayo yananirudisha kwenye kozi ya ushawishi na ulumbi niliyoisoma chuoni. Niliipenda, na naamini kila chuo nchini kinastahili kuwa nayo. Lakini ilitupa majina ya zana bila kutuonyesha fundi akiwa kazini. Tulijua kwamba Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alizigawa njia za kushawishi katika tatu: hulka ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe. Tuliziandika kwenye mtihani tukapata alama zetu. Hatukuwahi kuichukua hotuba moja, tukaikata sentensi kwa sentensi, tukauliza kwa nini hii imetangulia na ile imefuata. Na mifano iliyojaa kwenye desa ilikuwa ya ng'ambo, utadhani nchi hii iliyoongozwa kwa miaka 24 na mwalimu wa shule, mtu ambaye silaha yake kubwa ilikuwa kusema, haina hotuba ya kufungua mezani.

Hapa nataka kuzifungua chache, kisha niseme kozi ya namna hiyo ingefundishwaje.

Novemba 1978: mpangilio wa mambo matatu

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia eneo la Kagera na kuikalia ardhi iliyo kaskazini mwa mto Kagera. Mwanzoni mwa Novemba, Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, alizungumza Dar es Salaam, na redio ikaifikisha sauti yake nchi nzima. Sehemu inayokumbukwa hadi leo ni fupi mno. Anaitaja kazi: imebaki moja tu, kumpiga mvamizi. Kisha anaiwekea kazi hiyo mihimili mitatu: uwezo tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Mwisho anaitaka dunia ielewe hivyo.

Tuanze na jambo ambalo vitabu vingi vya hotuba vingelikataza. Hitimisho limetangulia. Mwanafunzi hufundishwa kupanda ngazi: eleza tatizo, toa sababu, kisha pendekeza hatua. Mwalimu aliitaja hatua kwanza. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa habari za uvamizi zilikuwa zimeshasambaa, na wasikilizaji walikuwa wanangoja kuambiwa nchi itafanya nini. Angeanza kwa kueleza kilichotokea angekuwa anawaeleza wanachokijua, na kila dakika ya maelezo ingesikika kama kusitasita.

Jambo la pili ni mfuatano wa ile mihimili. Mtu aliyesomea falsafa angeanza na sababu: je, ni haki kupigana? Mwalimu alianza na uwezo. Jiweke mahali pa msikilizaji wa siku ile, aliyeketi na redio yake Bukoba, Tabora au Mtwara. Amin alikuwa mwanajeshi, na habari za ukatili wake zilifahamika. Swali la kwanza moyoni mwa mtu wa kawaida lilikuwa la hofu: tutamweza? Aliyeshikwa na hofu hana nafasi ya kupima haki. Ondoa hofu kwanza, ndipo masikio yafunguke kwa sababu.

Sababu inakuja ya pili, na inawasemesha watu wawili kwa pamoja. Mmoja ni Mtanzania anayetaka kujua kwamba mwanawe haendi vitani bure. Mwingine ni Afrika na dunia, kwani Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulijengwa juu ya kanuni ya kuheshimu mipaka na kutoingilia mambo ya nchi nyingine. Kwa maneno machache mno, msemaji alikuwa ameshaanza kujibu lawama ambazo zingekuja.

Nia imewekwa mwisho, na hapa ndipo ufundi ulipo. Uwezo ulikuwepo kabla ya hotuba: askari, silaha, magari. Sababu nazo zilikuwepo: ardhi ilikuwa imekaliwa na watu wameuawa. Nia ya taifa zima haikuweza kuwepo kwa namna hiyo, kwa kuwa haihifadhiwi ghalani. Inaundwa pale msikilizaji anapolikubali neno. Kwa kutamka kwamba nia tunayo, msemaji aliiumba nia hiyo ndani ya aliyesikia akaitikia. Sentensi hiyo inamaliziwa na hadhira.

Jaribu kuupindua mpangilio. Nia tunayo, sababu tunazo, uwezo tunao. Maneno ni yaleyale, lakini yanaanza kama majigambo na kuishia kama taarifa ya ghala la silaha. Wanafunzi wakipewa zoezi hili dogo wataelewa kwa nusu saa jambo ambalo Abd al-Qahir al-Jurjani, mwanachuoni wa lugha aliyefariki karibu mwaka 1078, alilifanyia kazi vitabu kwa vitabu: ufasaha haukai katika neno moja moja, hukaa katika namna maneno yanavyopangwa yakashikana. Waliosoma balagha, elimu ya ufasaha, katika madarasa ya pwani na visiwani wanalijua hili kwa jina la nadhm. Wanajua pia kwamba balagha hupimwa kwa jinsi usemi unavyolingana na hali ya anayeambiwa. Hofu kwanza, haki pili, dhamira tatu: huo ni usemi uliolingana na hali.

Lakini uchambuzi hauishii kwenye kusifu. Mambo matatu yana hatari yake. Sikio likishapewa la tatu huona duara limefungwa, wala halidai la nne. La nne hapa lilikuwa gharama. Amin aliondolewa Kampala Aprili 1979. Wananchi waliambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18, na dhiki ikaendelea zaidi ya hapo, kwa kuwa vita ilikutana na kupanda kwa bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Sisemi uamuzi wa kupigana ulikuwa mbaya. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kujitetea. Nasema mwanafunzi wa ushawishi anapaswa kuwa na tabia ya kuuliza, kila anaposikia mambo matatu yaliyopangika vizuri, la nne lililoachwa nje ni lipi.

Machi 1995: kipimo kabla ya jina

Hotuba ya 1978 ilitolewa na Amiri Jeshi Mkuu. Ile ya Machi 1995, katika Hoteli ya Kilimanjaro jijini Dar es Salaam, ilitolewa na mtu asiyekuwa na cheo. Nyerere aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Vyama vingi vilikuwa vimerudi tangu 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza tangu hapo ulikuwa unakaribia. Hakuwa na amri ya kutoa. Alichobaki nacho ni zile njia tatu za Aristotle.

Mbele ya waandishi wa habari alijenga picha ya nyumba. Nyumba huonekana imara hadi tetemeko lipite, ndipo nyufa zijitokeze. Tanzania imetikiswa, na nyufa zinaonekana. Akazitaja: Muungano, kuendesha nchi bila kujali sheria, rushwa, ukabila na udini.

Tazama kazi inayofanywa na picha hiyo. Kwanza, nyumba ni ya wote, hivyo hakuna msikilizaji aliye nje ya habari. Pili, ufa hauna jina la mtu. Angesema fulani na fulani wameharibu, mjadala wa wiki nzima ungekuwa juu ya hao watajwa, wangejitetea, na makundi yangeundwa. Alipotaja nyufa, kila mtu aligeuka kutazama ukuta. Tatu, ufa unadai hatua. Anayeambiwa nyumba yake ina ufa hakai kujadili kama ufa ni jambo baya; anauliza nani ataziba. Ndani ya swali hilo ndimo kipimo cha kiongozi kilimoingia: tunamtaka mtu anayeziona nyufa hizi, ambaye zinamkera, na anayeweza kutueleza atazifanyia nini.

Kipimo hicho kilitangulia jina lolote. Mwaka huohuo aliendelea kukirudia mbele ya hadhira mbalimbali, na Julai, Mkutano Mkuu wa CCM ulipokutana Dodoma kuchagua kati ya Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya, swali lililokuwa hewani lilikuwa limeshabadilika. Mazungumzo yalihama kutoka nani anapendwa zaidi hadi nani ni msafi. Mkapa, mwandishi wa habari aliyewahi kuhariri magazeti ya chama na serikali kisha akawa waziri, aliingia kwenye kampeni akijulikana kama Bwana Msafi.

Hapa mchambuzi anapaswa kuwa mwangalifu. Katika duru ya kwanza Kikwete ndiye aliyeongoza. Mkapa alishinda katika duru ya pili, na tofauti haikuwa kubwa. Nyerere pia hakuishia kwenye hotuba: uzito wake ulikuwemo ndani ya vikao vya chama, na hulka yake, umri wake na historia yake vilisema hata aliponyamaza. Ushawishi hauchukui akili za watu ukaziweka mfukoni. Uwezo wake mkubwa ni kuchagua swali ambalo watu watalijibu, kisha kuwaacha walijibu wenyewe, na wengine watalijibu tofauti.

Kipimo kilichowekwa hadharani kina wema mwingine: kinabaki baada ya mshindi kupatikana. Mkapa aliunda Tume ya Warioba kuchunguza rushwa, na ripoti yake ikatoka mwaka 1996. Serikali yake ilipolaumiwa miaka iliyofuata, ilipimwa kwa rula ileile iliyomwingiza madarakani. Ndiyo tofauti ya kumnadi mtu na kuweka kigezo. Mtu akishachaguliwa, kumnadi kumekwisha. Kigezo kinaendelea kumdai.

Swali linalomwachia msikilizaji jibu

Mwaka huo wa 1995 Nyerere alitumia pia mbinu nyingine inayostahili kipindi kizima darasani. Alimzungumzia mtu anayetumia fedha ili aingie Ikulu, akauliza: fedha hizo amezitoa wapi? Kama amekopa, atazirudishaje?

Hakumalizia. Hakusema mtu huyo ataiba. Msikilizaji ndiye anayejaza: mshahara wa rais unajulikana hautoshi kulipa madeni ya namna hiyo, kwa hiyo atalipa kwa mali yetu. Aristotle aliiweka hoja ya aina hii katikati ya sanaa yote ya ushawishi, hoja ambayo sehemu yake moja haitamkwi kwa kuwa msikilizaji anayo tayari. Nguvu yake inaeleweka. Hitimisho ulilolifikia mwenyewe hulipingi, maana ungekuwa unajipinga.

Mbinu hiyohiyo ndiyo chombo kikuu cha umbea na uzushi. Mzushi naye huuliza: kwa nini fulani haonekani siku hizi? Mbona gari limebadilika? Halafu hujitetea kwamba hajasema kitu, ameuliza tu. Mwanafunzi atazitofautishaje? Kigezo ninachopendekeza ni hiki: je, swali lina mlango wa kujibiwa? Mgombea aliyeulizwa zilikotoka fedha zake angeweza kutoa hesabu, akataja vyanzo, na jambo likaisha. Swali la mzushi limefungwa pande zote. Ukijibu umejitetea, na aliyejitetea ana jambo. Ukinyamaza umekiri.

2005: utatu mwingine

Turudi sasa kwenye mwaka wa ule mkutano wa Chimwaga. Kampeni ya Kikwete baada ya uteuzi ilibeba maneno matatu: ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya. Desemba 2005 alishinda urais kwa zaidi ya 80% ya kura, na kaulimbiu hiyo ikaingia kwenye maofisi, redioni, hadi kwenye mazungumzo ya vijiweni.

Weka utatu huu kando ya ule wa 1978. Kwa sikio vinafanana: vitu vitatu, vifupi, vyenye mrejeo. Kwa kazi vinatofautiana kabisa. Uwezo, sababu na nia ni majibu ya maswali matatu tofauti, na ukiondoa kimoja hoja inayumba. Ari, nguvu na kasi vinasukuma upande mmoja. Ondoa kimoja, mwelekeo haubadiliki. Unapungua mwendo tu. Neno linalobeba mzigo ni lile linalorudiwa, mpya, na ndilo lililomweka mgombea mbali na uchovu wa miaka iliyotangulia bila kumlaumu mtangulizi wake wa chama kilekile.

Hiyo si hoja, ni mdundo. Mdundo una kazi yake halali: unaamsha, unaunganisha, unakumbukwa. Kosa hutokea pale msikilizaji anapoupokea mdundo akidhani amepewa hoja. Kozi nzuri ingemzoesha mwanafunzi kuuliza kila anapokutana na kaulimbiu: ningeweza kuikanusha hii kwa ushahidi? Kama jibu ni hapana, basi nimepewa hisia. Naweza kuifurahia, ila nisiamue kwa hiyo peke yake.

Somo ambalo Mwalimu alilitafsiri

Mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa katika uhuru wake, tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilichapishwa, na toleo lake la baadaye likaitwa Juliasi Kaizari. Rais alikuwa ametumia muda wake kuleta kwa Kiswahili mchezo ambao kitovu chake ni hotuba mbili za mazishi zinazougeuza umma kichwa chini miguu juu.

Brutus, mmoja wa wauaji wa Kaizari, anasema kwanza. Anatoa hitimisho, kwamba Kaizari aliuawa kwa ajili ya uhuru wa Roma, na kuomba aaminiwe kwa heshima yake. Umma unamshangilia. Kisha Antony, rafiki wa Kaizari, anapanda. Hatoi hitimisho lolote. Anawasifu wauaji mara kwa mara, na kila sifa inawekwa karibu na ushahidi unaoikataa, hadi sifa yenyewe inageuka shutuma. Anautaja wasia, anakataa kuusoma, anasubiri aombwe. Anautaja wasia, anakataa kuusoma, anasubiri aombwe. Anawaacha watu watamke wenyewe neno la kisasi.

Mbinu za Antony ni ndugu wa karibu wa zile tulizoziona: picha inayotangulia jina, jibu linaloachwa kwa hadhira, marudio. Kwa mbinu pekee huwezi kumtenga na Mwalimu wa 1995. Shakespeare anatuonyesha pa kutazama katika tukio linalofuata mara moja: umma unakutana njiani na mshairi Cinna, ambaye jina lake linafanana na la mmoja wa waliokula njama, na unamwua. Amejieleza kwamba yeye ni mwingine, lakini haikusaidia. Hotuba ya Antony ilikuwa imewatoa watu kwenye hali ya kuweza kusikia jibu.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Ushawishi wa halali humwacha msikilizaji akiwa na uwezo wa kuuliza swali la pili. Hadaa humnyang'anya uwezo huo. Na kipimo cha kuutambua mpaka kinaweza kufanyiwa kazi darasani: mweleze msikilizaji kila mbinu iliyotumika juu yake, kisha muulize kama bado anakubali. Mweleze Mtanzania kwa nini uwezo ulitangulia sababu. Bado atakubali kwamba Kagera ilivamiwa. Mweleze jinsi picha ya nyufa ilivyofanya kazi; bado rushwa ipo. Lakini waeleze watu wa Roma kwamba wasia ulizuiliwa makusudi ili wauombe, na hasira yao itaanza kupoa.

Kozi iweje

Vyuo vyetu vingi vina somo la stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza, lenye kuandika ripoti, kunukuu vyanzo na kuwasilisha mada. Ni mambo ya lazima. Wanafunzi pia wanatoka sekondari wakiwa na midahalo, ambako upande mmoja unaunga mkono hoja na mwingine unapinga, na anayesalimia meza kuu kwa madaha hupigiwa makofi kabla hajasema lolote. Kinachokosekana katikati ni mazoezi ya kufungua usemi.

Ningependekeza manne. La kwanza, kukata: hotuba fupi ya Kiswahili igawanywe sentensi kwa sentensi, na kila sentensi iandikiwe swali la msikilizaji inalolijibu. La pili, kupindua: mpangilio ubadilishwe, kisha darasa lieleze kilichopotea. La tatu, kutafuta la nne: liandikwe jambo ambalo hotuba ingelazimika kulitaja kama msemaji angekuwa na adui makini ukumbini. La nne, kujibu: mwanafunzi atetee upande asioukubali, kwa hoja ambazo wenye upande huo wangezitambua kuwa ni zao.

Na yafanyike kwa Kiswahili, hata kama mtihani utaandikwa kwa Kiingereza. Ofisa kilimo anayehitimu leo atawaomba wakulima wa zabibu wa Dodoma wabadili njia yao ya kazi. Muuguzi atamwomba mama amrudishe mtoto kliniki. Diwani ataomba nguvu kazi ya kujenga darasa. Wote watasema kwa Kiswahili, wengine kwa Kigogo, na hakuna atakayesaidiwa na istilahi alizozikariri kwa lugha ambayo hatamshawishi nayo mtu.

Wapo wanaoogopa kwamba kuwafundisha vijana mbinu hizi ni kuwapa silaha wadanganyifu. Wadanganyifu wanazo tayari, hawakungoja chuo. Asiyekuwa nazo ni mjumbe anayekaa kwenye kiti cha ukumbi akisubiri kupiga kura, na mwananchi anayesimama uwanjani kwenye mkutano wa kampeni. Kwa kila msemaji mmoja jukwaani wapo maelfu wanaosikiliza, na chuo kinapopanga kozi ya ushawishi kinapaswa kuwahesabu hao kwanza. Mhitimu atakayeweza kusema vizuri ni faida kwa nafsi yake. Atakayeweza kuifungua hotuba, akawaonyesha wenzake kilichomo na kilichoachwa nje, huyo ni faida kwa kijiji, kwa chama chochote atakachokuwemo, na kwa nchi.